Ufagio Uliovuka Mpaka

Mvua ilikuwa haijaanza, lakini watu wote wa mji mdogo wa Kirnlingen walikuwa wanaitazama ikija. Wingu zito lilikuwa limeyakalia magofu ya ngome, na chini yake, kwenye msitu wa mlimani, wazimamoto na mbwa wa polisi walikuwa wakimtafuta Bi Frauke Lüders tangu asubuhi. Walikuwa wameokota kofia, mwavuli uliovunjika na soli ya kiatu cha mtu mwingine. Bi Frauke mwenyewe hawakumwona.

Inspekta Gudrun Pfisterer, aliyekabidhiwa kesi hiyo, alikuwa ameketi kwenye ukumbi wa kulia wa nyumba ya wageni ya Kulungu, ana kwa ana na dada wa aliyepotea. Bi Imke Lüders alikuwa amepakata mkoba mdogo wa bluu na hakutaka mtu amsaidie kuushika. Ndani yake mlikuwa na insulini ya Frauke, yote, haijaguswa tangu Jumatano usiku. Leo ilikuwa Ijumaa na mchana ulikuwa umeshageuka. Daktari wa wilaya hakumung'unya maneno alipoulizwa: mpateni kabla ya giza, la sivyo msinisumbue mimi, msumbueni mchungaji.

"Nieleze tena," Gudrun alisema. "Jana asubuhi."

"Nimeshakueleza, mwanangu."

"Nieleze kana kwamba hujanieleza."

Imke alivuta pumzi. Yeye na dada yake walikuwa watu wa Husum, kule kaskazini ambako nchi yote ni tambarare, na kila majira ya mapukutiko walikuja huku kusini kuzurura miji midogo. Walilala hapa siku chache, pale siku chache. Frauke alipenda nyumba zenye mihimili ya mbao na vichochoro vya miji hiyo, Imke alipenda vitanda vizuri na chakula cha jioni, na kwa namna hiyo hawakuwahi kugombana safarini.

"Jana goti lilikuwa linaniuma," alisema. "Nikabaki kitandani. Chumba chetu kiko nyuma, na nikishavua vidude vyangu vya kusikilia mimi ni gogo. Frauke akavaa miwani yake, akasema anatoka mlangoni tu, aangalie maua kabla watu hawajajaa, kisha arudi ajichome tule pamoja. Mlangoni tu. Alisema hivyo."

"Mwenye nyumba anasema alimwona akipanda njia ya ngome na fimbo yake."

"Bila kujichoma? Bila kula? Frauke hali hata kipande cha tufaha kabla hajashika sindano. Anaishi na ugonjwa huu tangu tukiwa wasichana."

"Watu husahau, Bi Imke."

"Wewe huwa unasahau kupumua?"

Gudrun alikuwa na hofu, tena hofu anayoijua: ilimshika kila alipoanza kuhisi kwamba anatafuta kwa bidii mahali ambapo kitu hakipo. Alipindua kikombe chake cha kahawa kilichokwisha zamani, akakigeuza tena.

Reinhold Kächele, mwenye Kulungu, aliingia na sinia. Alikuwa mwanamume mrefu wa aproni safi, mjane, na mwenyekiti wa kamati ya maua ya mji. Kamati hiyo si mchezo. Mji wetu hauna kiwanda wala chuo, unaishi kwa kutazamwa tu. Wageni huja kwa ajili ya madirisha yetu, wakishatazama wanasikia njaa, wakishashiba wanataka pa kulala. Basi waamuzi wa shindano la miji yenye maua wanapokuja kukagua jerania zetu, hata mchungaji hufupisha mahubiri. Walikuwa wamekuja jana hiyohiyo, mchana, na waliondoka wakitabasamu.

"Kuleni, jamani," Kächele alisema. "Mtafutaji mwenye njaa haoni mbali."

Aliweka mezani keki ya vitunguu, ya moto, na bilauri za juisi ya tufaha. Sajini Holger Maihöfer, msaidizi wa Gudrun, mzaliwa wa mtaa wa pili kutoka hapo na mpenda tumbo lake, aliinua bilauri akaichungulia.

"Reinhold, hii ni nini?"

"Juisi."

"Naiona ni juisi. Divai mpya iko wapi?"

"Imeisha."

"Imeisha vipi na msimu ndiyo kwanza unaanza? Keki ya vitunguu kwa juisi ya tufaha. Mama akisikia atanifungia mlango."

"Uko kazini, Holger. Kunywa juisi yako."

Holger alikunywa kwa huzuni. Gudrun alikuwa akiitazama mikono ya Kächele. Ilikuwa imesuguliwa mpaka ikawa nyekundu, na haikutulia. Ilipangusa meza iliyokwisha kupanguswa.

"Bwana Kächele, ulimwona wapi mara ya mwisho?"

"Pale kwenye kona ya chemchemi. Alinipungia fimbo."

"Alikuwa amekula?"

"Nilimfungia mkate wa kula njiani."

"Aliuomba?"

"Nilimpa tu. Mgeni wangu hatoki na njaa."

Imke alimkazia macho, naye Kächele akageuka kuokota bilauri ambayo ilikuwa bado na juisi.

Simu ya Gudrun ililia. Alikuwa Wendelin, kiongozi wa watafutaji kule mlimani, na alikuwa anahema.

"Afande, tumepata fimbo. Imeegemezwa nyuma ya benchi la kwanza la njia ya ngome, asubuhi tulipita hatukuiona. Imejaa vile vibati vya miji, na kimoja kimeandikwa Husum."

Gudrun alimgeukia Imke. "Fimbo ya dada yako ina vibati?"

"Kila mji tuliolala anapigilia kimoja," Imke alisema. "Wameipata?"

"Wameipata." Kisha kwenye simu: "Mbwa anasemaje?"

"Mbwa hana maana leo. Anainusa, anazunguka, halafu anageuza anataka kurudi mjini. Nadhani ni soseji za sokoni zinamvuta. Afande, mvua ikianza harufu yote inakwisha. Nipe watu wote. Hata wale wanaotafuta mtoni."

Gudrun alitazama wingu kupitia dirishani. Lilikuwa limeshuka kidogo, na magofu yalikuwa hayaonekani tena.

"Wachukue wa mtoni," alisema. "Nakuja."

Nje, uwanja ulikuwa mtulivu. Jerania zilining'inia madirishani, nyekundu, nene, kama zilivyopaswa. Gari la Gudrun lilikuwa mbele ya Kulungu, na ili kulifikia ilimbidi apite chini ya dirisha la jirani. Kwenye dirisha hilo, viwiko juu ya mto wa kitanda, alikuwa ameegemea Bibi Ottilie Zaiser, ambaye kazi yake tangu astaafu ilikuwa kuulinda mtaa kwa macho.

"Wewe wa polisi."

"Bibi Zaiser, nina haraka."

"Haraka haraka haina baraka. Nina malalamiko."

"Kuhusu Bi Frauke?"

"Kuhusu huyu Kächele. Amenidhalilisha mbele ya mtaa mzima."

"Mwambie Sajini."

"Nimemwambia, anacheka. Jana nimetoka kwenda kununua mkate, narudi nakuta mbele ya mlango wangu pamefagiliwa. Pamefagiliwa na kupigwa deki. Mpaka kwenye ngazi yangu. Alhamisi! Nani alimtuma? Anataka watu waseme Ottilie Zaiser amezeeka, hawezi tena kufagia kwake?"

"Bibi, kuna mtu anakufa mahali fulani, na wewe unaniletea habari za ufagio?"

"Nimekaa hapa dirishani tangu jana nikingoja mtu aniulize chochote. Hakuna aliyeniuliza. Wote mnaangalia mlima." Alivuta mto wake akauweka sawa. "Haya, nenda. Gari lako linakungoja."

Gudrun alikwenda. Alifungua mlango wa gari, akaweka mguu mmoja ndani, na hapo akasimama.

Alikulia bonde la pili kutoka hapo, katika nyumba ya familia mbili. Alikijua kile kibao cha zamu ya ufagio kinachohama kutoka kitasa hadi kitasa, wiki hii kwako, wiki ijayo kwa jirani. Alijua kwamba siku ya kufagia ni Jumamosi. Alimkumbuka baba yake akifagia mbele ya nyumba mpaka kwenye mstari usioonekana na kuacha jani moja upande wa pili, kwa makusudi, lilale hapo lishuhudie uvivu wa jirani. Watu wa huku watakukopesha gari, watakuletea supu ukiugua, watalia mazikoni kwako. Kukufagilia upande wako, hilo halipo. Ni tusi. Na Kächele na Bibi Zaiser walikuwa hawasalimiani tangu mgogoro wa bomba la maji ya mvua, ambao mji mzima unaujua na hakuna anayekumbuka ulianzaje.

Kwa hiyo kwa nini afagie kwake, tena Alhamisi?

Mtu wa kwetu anaweza kufagia kwa jirani kwa sababu moja tu: kitu chake yeye kimemwagikia huko.

Alifunga mlango wa gari.

"Bibi Zaiser, mpaka wenu uko wapi hasa?"

"Aha." Bibi kizee alijiinua kwenye mto. "Bomba la mvua. Kulia kwake ni mimi, kushoto ni yule."

"Ulifanya nini ulipokuta pamefagiliwa?"

"Nilifanya nini? Nilikwenda kwenye pipa langu uani, nikachukua majani, nikayarudisha mahali pake. Yapo hapo. Jumamosi nitayafagia mwenyewe, kwa mkono wangu."

Gudrun alipiga magoti. Aliyasogeza majani ya Bibi Zaiser kwa kiganja. Mawe yalikuwa meupe kuliko ya mtaa mzima. Yalikuwa yamesuguliwa kwa brashi. Lakini brashi haifiki kila mahali. Alitoa ufunguo wa gari akauchokoa kwenye ufa baina ya mawe mawili, ukatoka na udongo mweusi wenye chembe nyeupe, ule wa kununuliwa dukani kwa ajili ya kupandia maua. Ufa uliofuata ulitoa petali nyekundu. Wa tatu ulikuwa na kitu kigumu. Alikitoa polepole akakiweka kiganjani: kipande cha kioo, chembamba, kimepinda kidogo. Cha miwani.

Aliinua macho. Juu ya mlango wa Kulungu, karibu kabisa na bomba, palikuwa na sanduku la maua kama kwenye madirisha mengine. Lakini mengine yote yalifurika, na hili lilikuwa na majani marefu yaliyopauka na maua ya kuhesabika.

"Lile pale," alisema. "Limekuwa hivyo siku zote?"

"Nilidhani ni macho yangu," Bibi Zaiser alisema. Sauti yake ilikuwa imepoa. "La zamani lilimwagika mpaka kwenye taa ya mlango. Hilo ni la uani, kule kusikofika jua. Amelihamisha huyo." Alichungulia chini. "Mwanangu, umeokota nini hapo?"

Gudrun alikifumba kioo kiganjani. Alipiga simu mlimani.

"Wendelin, mbwa yuko sahihi. Mlete mjini."

"Afande, fimbo iko huku."

"Fimbo hubebwa. Mlete mbwa, na watu wote."

"Na kama bibi wa watu yuko huku juu? Mvua inaanza, unaelewa? Tukishuka hatupandi tena leo."

Tone la kwanza lilimwangukia Gudrun mkononi, kisha la pili. Aliona jinsi itakavyokuwa kama amekosea: mwanamke mzee chini ya msonobari, simu hii ikisomwa mbele ya tume, na Imke na mkoba wake wa bluu.

"Naelewa," alisema. "Shukeni."

Alimkuta Holger kwenye ukumbi anamalizia keki ya Imke, akamvuta mpaka kwenye korido.

"Sanduku la maua lilianguka kutoka dirisha la juu ya mlango," alimwambia kwa sauti ya chini. "Lilimpiga Bi Frauke. Kächele akafagia, akapiga deki, akatundika jingine, akapeleka fimbo mlimani. Sasa niambie amempeleka wapi."

Holger aliacha kutafuna. "Reinhold? Huyu Reinhold?"

"Huyu. Kwa gari?"

"Jana? Haiwezekani. Uwanja ulifungwa tangu alfajiri kwa ajili ya waamuzi, hakuna gari lililoingia wala kutoka. Mimi mwenyewe nililinda kamba."

"Basi hakutoka na kitu kizito. Bi Frauke yuko humu. Jana jioni tulipita vyumba vyote, dari, jiko, banda la kuni. Tumeacha nini?"

"Hakuna. Labda ghala la divai."

"Ghala gani?"

"La chini ya kilima, nyuma ya ua. Mlango wake umefunikwa na mzabibu."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Kila nyumba mtaa huu ina moja, afande." Uso ulikuwa umemwiva. "Ni kama kukuambia nyumba ina paa. Nilidhani umelihesabu."

Gudrun alitaka kumfokea, lakini jambo jingine lilimpita kichwani likamzuia.

"Divai mpya ililetwa lini?"

"Jumatano. Nilimsaidia kuteremsha pipa."

"Pipa zima?"

"Zima."

"Na Jumatano usiku watu walikunywa?"

"Hapana, alisema itatulia kwanza, ataanza kuuza Alhamisi. Alhamisi akatoa juisi." Holger aligeuza kichwa kuelekea jikoni. "Akasema imeisha," alisema polepole.

Kächele alikuwa jikoni, mgongo umeelekea mlango, anasugua sufuria lililokuwa linang'aa. Hakugeuka walipoingia.

"Bwana Kächele," Gudrun alisema, "niletee glasi ya divai mpya."

"Nimesema imeisha."

"Basi nioneshe pipa tupu."

Sufuria lilisimama chini ya maji. Maji yaliendelea kutiririka juu yake.

"Ufunguo," Gudrun alisema.

Aliutoa kwenye mfuko wa aproni. Alikuwa nao hapo muda wote huo, alipokuwa akiwaandalia chakula.

Walivuka ua mvuani. Nyuma yao walisikia mlango, na Imke akatoka akichechemea, goti na yote, mkoba kifuani. Gudrun alimwambia abaki. Imke alimpita kana kwamba hakuna aliyesema.

Mlango ulikuwa wa mwaloni, mnene, mzabibu umeukumbatia. Ulipofunguliwa, harufu ya zabibu zinazochachuka iliwapiga usoni. Gudrun alinyanyua mguu kuingia, Holger akamshika mkono.

"Subiri, afande. Divai ikichachuka inakula hewa. Mshumaa kwanza, ukizimika hatuingii."

"Hatuna muda."

"Babu yangu naye hakuwa na muda. Tulimtoa kwenye ghala kama hili."

Mshumaa ulikuwa kwenye kijishimo cha ukutani, pamoja na kiberiti, kama katika kila ghala. Holger aliuwasha akaushika chini, karibu na sakafu, akatangulia ngazi moja moja. Gudrun alifuata akiutazama ule mwali wa moto kwa makini kuliko alivyowahi kutazama kitu. Uliyumba, ukasinyaa, ukasimama. Mahali fulani palikuwa na upepo mwembamba uliokuwa ukiingia.

Pipa lilikuwa limejaa. Nyuma yake palikuwa na magunia ya viazi yaliyopangwa sawasawa, na juu ya magunia, chini ya duveti jeupe lenye mikunjo ya pasi, alikuwa amelala mwanamke wa nywele za mvi zilizogandana kwa damu upande mmoja. Duveti lilikuwa limevutwa mpaka kidevuni na kukunjiwa ndani pande zote mbili.

Gudrun aliweka vidole shingoni mwake. Hakusikia kitu. Alivisogeza, akafumba macho, akangoja, na hofu yote ya siku ile ikamjaa masikioni mpaka akaogopa kwamba haitamwachia nafasi ya kusikia. Kisha kitu kikagonga chini ya kidole, kidogo mno, na kikagonga tena.

"Yu hai," alisema. "Holger, gari la wagonjwa. Yu hai."

Pumzi ya Frauke ilikuwa nzito, na ilinuka kama matunda yaliyokaa sana. Imke alishuka ngazi kwa makalio, moja baada ya nyingine, akafika, akaushika mkono wa dada yake akaanza kumsemesha kwa lahaja ya kwao, maneno ya upesi upesi ambayo hakuna mwingine aliyeyaelewa. Mara moja tu aliinua uso.

"Nimchome?"

"Wanakuja na kipimo. Wasubiri."

"Nimesubiri tangu jana."

"Najua, Bi Imke. Kidogo tu."

Wahudumu walifika wakiwa wamelowa. Walipima, wakachoma, wakatundika chupa ya maji, wakazungumza kwa maneno mafupi. Yule mkubwa wao alimwambia Gudrun kwamba moyo unapiga, kwamba kichwa kitaangaliwa hospitali, na kwamba saa chache zaidi zingetosha kummaliza. Walimpandisha ngazi kwa uangalifu mkubwa, Imke nyuma yao akiwa ameshika ncha ya machela. Kule uani mbwa wa Wendelin alibweka, akavuta kamba mpaka kwenye mlango wa ghala, akaketi.

Kächele alikuwa amesimama chini ya mzabibu, maji yanamchuruzika. Hakuna aliyekuwa amemshika. Alipoona machela ikipita alivua aproni yake, akaikunja ikawa ndogo.

"Waya ulikatika," alisema. "Nilikuwa nainamisha sanduku lining'inie zaidi, waamuzi walione. Sikujua kuna mtu chini. Ninaapa sikujua."

"Nakuamini," Gudrun alisema.

"Nilishuka nikamkuta kwenye mawe. Alikuwa amekufa, Bi Inspekta. Macho yamefumba, damu, hasemi. Nikawaza, waamuzi wanakuja, mji mzima umejiandaa mwaka mzima, na mimi ndiye mwenyekiti, na mbele ya mlango wangu kuna maiti. Nikasema, wapite kwanza. Wakishapita nitapiga simu. Aliyekufa ameshakufa, hana anachopoteza."

"Wakapita."

"Wakapita. Halafu yule dada yake akaanza kuuliza, nikasema ile habari ya ngome. Ukishasema la kwanza, la pili linajisema." Alijipangusa uso kwa aproni. "Lakini nilijua amekufa. Hilo mniandikie. Kama ningejua yu hai ningeita daktari saa ileile. Mimi si mnyama. Mimi ninalaza watu, ninalisha watu, ndiyo kazi yangu na ya baba yangu."

Holger alikuwa ametazama chini. Alimjua mtu huyu tangu utotoni, na ilionekana wazi kwamba alitaka kumwamini.

Gudrun alichungulia ndani ya ghala. Mshumaa ulikuwa bado unawaka, na duveti lilikuwa limebaki juu ya magunia, likiwa limekunjuliwa upande mmoja tu, pale wahudumu walipolifungua.

"Ulimletea duveti," alisema.

"Alikuwa mgeni wangu."

"Lipi? La kitanda chake?"

"La chumba kizuri. Lile la juu."

"Maiti hufunikwa uso, Bwana Kächele."

Kächele aliitazama aproni mikononi mwake kana kwamba hajui ni ya nani. Mvua ilikuwa imekuwa kubwa sasa, na ilibidi Gudrun asogee karibu ndipo amsikie.

"Alikuwa anatetemeka," alisema.